Mvua Ikinyesha au Waziri Akichelewa

Nchi yenyewe ipo, msomaji, wala usiitafute mbali. Jina lake sitalitaja. Si kwa woga, ni kwa sababu ninapoandika haya jina hilo liko kwa fundi, linapakwa rangi mpya kwa ajili ya sikukuu, na serikali imetuomba tusilitumie mpaka likauke. Mimi ni raia mtiifu, kwa hiyo nitasimulia bila jina.

Kazi yangu ni ushereheshaji. Ukiona hema, viti vya plastiki na sufuria ya pilau inayofuka moshi, ujue nami nipo hapo, nimeshika kipaza sauti, nasema "itifaki imezingatiwa" kila baada ya muda ili watu wasisinzie. Watu wananiita Kipaza, na jina limenikaa kiasi kwamba mke wangu huniambia nipunguze sauti hata ninapoomba chumvi.

Kwetu kitu hakitumiki mpaka kizinduliwe. Hili hatukulazimishwa, ni imani yetu, tumezaliwa nayo. Tuna tangi la maji lililojaa pomoni, limefungwa utepe, na akina mama hupita chini yake kila asubuhi wakienda kuchota maji mtoni, wakilitazama kwa fahari. Shule yetu ilipata vyoo vipya, vikakaa miaka miwili vikimsubiri Mgeni Rasmi, na wanafunzi wa miaka hiyo mpaka leo wanasifika nchi nzima kwa uvumilivu. Kuna mtu mmoja alijifanya mjuaji akauza nyanya katika soko ambalo halijazinduliwa. Nyanya zikaoza. Ni kweli nyanya huoza popote, lakini zile zilioza kwa namna iliyotufundisha adabu.

Basi serikali ikatujengea daraja juu ya Mto Kinyelele. Upande wetu unaitwa Huku, na ng'ambo inaitwa Kule. Huku tuna kituo cha afya. Kule wana mashamba mazuri na hawana hata muuguzi mmoja. Zamani tulivuka kwa daraja la magogo lililojengwa na babu zetu, lakini siku daraja la zege lilipokamilika wataalamu walilivunja lile la magogo ili lisilete ushindani. Mitumbwi nayo ilikuwepo, ila maji yalianza kuzunguka kwa hasira kwenye nguzo mpya, na wenye mitumbwi wakahamia kwenye kilimo. Likabaki daraja jipya peke yake, pana, zuri, lenye taa zisizowaka, na katikati yake utepe mwekundu. Uliwekwa katikati kwa sababu Huku na Kule tuligombania heshima ya kuukaribisha, na tume iliyokuja kutusuluhisha ikaupima mto kwa kamba.

Kwenye utepe aliwekwa askari mmoja, Koplo Ngwali, mtu mpole mwenye bunduki kubwa kuliko yeye. Amri yake ilikuwa fupi. Anayeukata ni Mgeni Rasmi peke yake. Anayeinama akapita chini yake ameudharau, anayeuruka ameitishia serikali. Mbuzi mmoja wa Kule alipita chini, akawekwa rumande, na hadi leo hajasomewa mashtaka.

Mgeni Rasmi mwenyewe alikuwa Mheshimiwa Shomvi Kirungu, Waziri wa Mito, Madaraja na Sherehe. Ni kiongozi mwenye misimamo. Kaulimbiu ya wizara yake ni "Kawia ufike," na nusu ya kwanza anaitekeleza kikamilifu. Kanuni za Sherehe, ambazo kwa kweli ni kanuni moja, zinasema hivi: mvua ikinyesha au Mgeni Rasmi akichelewa, uzinduzi utaahirishwa. Tuliahirisha mara nyingi. Pilau ililiwa kila mara, na sikusikia mtu akilalamika isipokuwa mmoja.

*

Huyo mmoja ni Bi Chausiku Mbaruku, kiongozi wa kikundi cha ngoma cha akina mama wa Huku. Kila tulipokusanyika yeye na wenzake walivaa sare, wakapasha ngoma moto, wakaimba "Mgeni njoo, mwenyeji apone" mpaka sauti zikakauka. Halafu ninatangaza kuahirishwa, wanazibeba ngoma zao na kurudi nyumbani. Hapo mwanzo alikuwa akicheka kama sisi wengine.

Aliacha kucheka kwa sababu ya Mashavu. Mashavu ni binti yake, mtoto pekee aliyempata, na aliolewa Kule wakati magogo ya babu zetu yangalipo. Sasa alikuwa na mimba ya kwanza, imekua, na miguu imevimba. Kichwa kilimgonga mchana kutwa, na mara nyingine aliona nyota wakati jua linawaka. Mkunga wa kituo chetu, Sista Mwanakombo, alitembea mpaka kwenye utepe akamtazama Mashavu kwa umbali wa hatua chache tu, akamuuliza maswali mawili matatu, kisha akamgeukia mama mtu. Huyu, alisema, asijifungulie nyumbani. Aletwe Huku kabla siku zake hazijafika, la sivyo anaweza kupoteza mtoto, na anaweza kupotea yeye.

Tangu siku hiyo kila jioni mama alikwenda kwenye utepe upande wa Huku, na binti akaja upande wa Kule. Sauti hazikukatazwa kuvuka, kwa hiyo walizungumza. Koplo Ngwali aligeukia pembeni kuwapa faragha, ingawa bunduki yake ilikuwa ndefu na ilibaki katikati yao.

"Mama, uchungu ukinishika kabla hawajaja?" Mashavu aliuliza jioni moja.

"Watakuja."

"Na wasipokuja?"

Bi Chausiku alimwambia afunge kanga vizuri, upepo wa mtoni ni mbaya. Lakini aliporudi alinikuta mimi nakunja waya wa kipaza sauti, na hapo ndipo nilipoona kwamba mama huyu anaogopa. Aliniambia mimi nafahamiana na wakubwa. Hataki upendeleo wala fidia. Anataka siku moja tu ambayo hawataahirisha, wamwambie ni ipi, ajue kwamba mwanawe atavuka.

Niliona ombi lake ni la haki. Nikapiga simu makao makuu.

*

Hawakuleta Waziri, walituletea kitu kikubwa zaidi: Idara ya Uwezekano. Hii ni idara iliyoundwa baada ya serikali kuchoshwa na mambo yanayotokea bila kuiarifu. Mkurugenzi wake ni Profesa Pazi Mlamali, mtu mwembamba, mwenye mvi, miwani yake imeshikizwa na uzi. Alikaa chini ya hema letu kutwa nzima akiandika, akifuta, akiuliza maswali kuhusu mawingu. Jioni nikamkabidhi kipaza sauti.

Alieleza kwamba katika msimu huu, kwa kila siku kumi, mvua hunyesha siku sita. Na kwa kila siku kumi, Mheshimiwa Waziri huchelewa siku nane. Kwa hiyo siku za mvua au za kuchelewa ni sita ukijumlisha nane, yaani siku kumi na nne katika kila kumi.

Tulipiga makofi. Nilirudishiwa kipaza sauti nikasema kwamba taifa limevuka lengo, kwamba hakuna nchi jirani iliyowahi kufikisha kumi na nne katika kumi, na kwamba tunatembea kifua mbele. Profesa akaongeza, huku akiangalia viatu vyake, kwamba kutokana na hesabu hiyo haiwezekani kupanga tarehe yoyote. Uzinduzi ulikuwa umeshaahirishwa hata katika siku ambazo hazipo.

Bi Chausiku hakupiga makofi. Alimfuata Profesa hadi kwenye banda la chai, nami nikawafuata wote wawili kwa sababu ya mandazi.

"Shikamoo, mama," alisema Profesa.

"Marahaba, mwanangu. Hizo siku nne za ziada zinakaa wapi?"

Profesa alitazama kulia na kushoto, akasogeza kikombe. "Hazipo, mama," alisema kwa sauti ya chini. "Waziri anatoka mjini kwa gari, na lami inaishia pale mkandarasi alipochoka. Mvua ikinyesha, gari linakwama. Kwa hiyo kila siku ya mvua ni siku ya kuchelewa pia. Zile sita zimo ndani ya zile nane. Tumezihesabu kama mvua, kisha tukazihesabu tena kama kuchelewa. Ukizitoa mara moja, zinabaki siku nane za kuahirisha. Siku mbili katika kila kumi ni safi. Hakuna mvua, na Waziri anafika kwa wakati."

"Kwa nini basi huzitoi?"

"Kanuni ina nusu mbili. Jumlisha, halafu toa kilichohesabiwa mara mbili. Baraza la Mawaziri lilipitisha nusu ya kwanza. Nusu ya pili iko kwenye kamati tangu sijaota mvi."

Akatueleza kwamba kutoa kunakatisha wananchi tamaa. Serikali hujumlisha visima, hujumlisha madarasa, hujumlisha ahadi za mwaka jana na za mwaka huu. Haijapata kuonekana wizara ikitoa kitu hadharani. Yeye mwenyewe aliwahi kujaribu, kwenye semina, tena kutoa kidogo tu, akahamishiwa milimani kupima ukungu. Nilitafuna andazi langu nikastaajabu jinsi wakubwa wanavyofikiria mbali.

Bi Chausiku alisema siku mbili zinamtosha, hata moja. Akamsimulia habari za Mashavu, za miguu na za nyota za mchana. Profesa alisikiliza mpaka chai yake ikapoa. Kisha akasema kwamba kitabuni ipo hali moja ambayo kujumlisha peke yake kunatosha, pasipo haja ya kutoa chochote: pale mambo mawili yanapokuwa hayawezi kutokea pamoja, likiwepo hili basi lile halipo. Mvua na kuchelewa si mambo ya aina hiyo, yanashikana mikono. Yeye atakwenda kwa Waziri amweleze hivyo, na Waziri akishaelewa kwamba yanakutana, ataona mwenyewe kwamba lazima tutoe. Alisema haya kwa matumaini, na macho yake nyuma ya ile miwani ya uzi yakawa kama ya mtu mwenye miaka ishirini. Nilimwonea huruma bila kujua sababu.

*

Niliitwa mjini kushika kipaza sauti katika mkutano huo, kwa hiyo niliyaona mambo kwa macho yangu. Waziri alimsikiliza Profesa akiwa amefumba macho, jinsi wakubwa wanavyosikiliza, na alipoyafumbua alikuwa ameshika kiini cha jambo.

"Unasema hesabu ya serikali ni sahihi iwapo mvua na kuchelewa kwangu havikutani?"

"Ndiyo, Mheshimiwa. Lakini vinakutana."

"Kwa ruhusa ya nani?"

Profesa alipekua karatasi zake akiitafuta ruhusa hiyo, na kwa kweli haikuwepo. Wiki hiyo hiyo ikapitishwa Sheria ya Matukio Yasiyokutana. Ni sheria fupi na ninaikumbuka kwa moyo. Mvua na kuchelewa kwa Mgeni Rasmi ni marufuku kutokea siku moja. Atakayesema kwamba Mgeni Rasmi amechelewa katika siku ya mvua atakwenda jela. Atakayesema kwamba mvua inanyesha katika siku ambayo Mgeni Rasmi amechelewa atakwenda jela hiyo hiyo.

Ikabaki kupanga siku. Mvua haikuweza kuitwa kwenye kikao, kwa hiyo ikaachiwa siku zake sita. Waziri hakutaka kupunguza zake nane, kwani kuchelewa kwetu huenda na cheo: naibu hupewa siku tano, waziri nane, na Rais akialikwa leo hutarajiwa mwakani. Lakini siku zisizo na mvua zilikuwa nne tu. Kwa uzalendo mkubwa akakubali kuchukua hizo nne, taifa likabaki na deni lake la siku nne za kuchelewa, atakazofidiwa wakati wa kiangazi. Sita na nne, kumi. Hakuna kilichozidi wala cha kutoa. Ukumbi mzima ulisimama kupiga makofi, na mimi nilitangaza kwamba kwa mara ya kwanza hesabu ya serikali imetimia bila hata siku moja kumwagika.

Profesa hakusimama. Nilimfuata baadaye kwenye ngazi nikamuuliza kama tumbo linamsumbua.

"Kipaza," alisema, "zile siku mbili safi zilikuwepo kwa sababu mabaya mawili yalikuwa yakija pamoja. Yalikuwa yanabanana katika siku moja, yanatuachia nafasi. Sasa tumeyatenganisha. Kila baya limepata siku zake, na hakuna siku iliyobaki. Mimi ndiye niliyewapa neno hilo."

Niliporudi Huku nilimweleza Bi Chausiku habari hizi kwa lugha ya staha. Alikaa juu ya ngoma yake, jambo ambalo hajapata kulifanya, maana ngoma kwake ni kitu cha heshima.

"Heri nusu shari kuliko shari kamili," alisema. "Nanyi mmeniletea kamili."

Jioni alikwenda kwenye utepe kama kawaida. Mashavu aliuliza wamesema nini huko mjini, na mama yake akamwambia wanaendelea kuhesabu.

*

Sasa, msomaji, uhakika ni kitu adimu, na serikali ikiupata haiuachi ulale bure. Kwa kuwa ilikuwa imethibitika kwamba uzinduzi utaahirishwa katika siku zote kumi kati ya kumi, iliwezekana hatimaye kuandaa sherehe bila wasiwasi. Tukatangaziwa Sherehe Rasmi ya Kuahirisha Uzinduzi wa Daraja la Kinyelele. Mgeni Rasmi, Mheshimiwa Waziri. Mtoa sababu, Profesa Pazi Mlamali, kwa kuwa sheria inataka kuahirisha kuwe na sababu, nayo iwe moja tu kati ya zile mbili, isomwe hadharani.

Siku hiyo ilianza na mawingu. Tulifunga hema juu ya daraja, karibu na utepe, tukaweka kiti cha Waziri, cha mbao nzito na mto wa zambarau, na juu ya meza pembeni mkasi wa dhahabu kwenye sinia, kwa sababu mkasi huwekwa hata kama hautatumika. Pilau ilikuwa inanukia. Kisha mvua ikaanza. Si manyunyu, ni mvua ya masika yenyewe, ikapiga hema mpaka sikusikia kipaza sauti changu. Saa ya sherehe ikafika, ikapita. Waziri hakuonekana.

Upande wa Kule wakaonekana watu. Walikuja mbio, wameinama, wamebeba kitanda cha kamba kimefunikwa kwa turubai, na juu ya kitanda alikuwa Mashavu. Uchungu ulikuwa umemshika tangu alfajiri. Walikiweka kitanda kwenye utepe, wakasimama, maana hakuna hata mmoja wao aliyewaza kuukata. Sista Mwanakombo alikuwa upande wetu na mkoba wake, amesimama kwenye mvua, vidole vyake karibu viguse utepe. Alisema mwanamke huyu hana muda. Mashavu hakupiga kelele. Alikuwa anamwangalia mama yake.

Bi Chausiku akaiacha ngoma, akaenda moja kwa moja hadi kwa Profesa.

"Mwanangu, soma sababu," alisema. "Soma upesi, tujue moja."

Profesa akasimama. Nikamshikia kipaza sauti. "Uzinduzi unaahirishwa," alianza, "kwa kuwa Mheshimiwa Waziri ame..." Akakoma. Akaangalia juu, hema lilipokuwa limejaa maji na kushuka kama tumbo la ng'ombe. Siku ya mvua, kusema hivyo ni jela. Akaanza upya: "Kwa kuwa mvua ina..." Akakoma tena. Akakitazama kiti kitupu. Siku ya kuchelewa, kusema hivyo nako ni jela.

Nilidhani amepotelewa na maneno. Kumbe alikuwa anahesabu. Nilimwona akivua miwani, akaifuta kwenye shati lililolowa, akaivaa ikiwa chafu zaidi.

"Siwezi kusema Waziri amechelewa," alisema polepole, "maana mvua inayonyesha inamzuia kisheria kuchelewa. Siwezi kusema mvua inanyesha, maana kuchelewa kwa Waziri kunaizuia kisheria kunyesha."

"Kwa hiyo?" aliuliza Bi Chausiku, maji yakimtiririka usoni.

"Kwa hiyo, mama, hakuna mvua na hakuna aliyechelewa. Sababu ya kuahirisha haipo. Kwa mujibu wa sheria, leo ni siku safi."

Koplo Ngwali, ambaye kofia yake ilikuwa imejaa maji, akauliza kwa heshima: kama hakuna cha kuahirisha, basi ni uzinduzi, na kama ni uzinduzi, anayekata ni nani?

Hapo wote wakanigeukia mimi. Nataka niseme ukweli, sikuwa shujaa, nilikuwa mtu aliyezoea kutangaza. Mtu ambaye hajachelewa ni mtu aliyefika. Hilo niliweza kulitangaza bila kuvunja sheria yoyote. Nikakigeukia kiti.

"Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. Mheshimiwa Waziri, ambaye yupo nasi kwa mujibu wa sheria, sasa anasogea kukata utepe."

Koplo Ngwali akakipigia kiti saluti. Wanaume wanne wakakibeba hadi kwenye utepe, wakakiweka chini kwa adabu. Sinia likawekwa juu ya ule mto wa zambarau. Kwa kuwa kiti hakina mikono, Bi Chausiku aliuchukua mkasi kwa niaba yake, akaukata utepe kwa mkato mmoja, na kabla vipande havijagusa zege Sista Mwanakombo alikuwa ameshavuka na amepiga magoti.

Kituoni hawakuwahi kufika kabla ya mtoto: kitanda kilipoingia nusu upande wetu, Sista aliamuru kiwekwe chini hapo hapo. Tuling'oa hema letu na kulisimamisha juu ya kitanda, Huku tukashika nguzo mbili na Kule wakashika mbili, na akina mama wa ngoma wakazunguka kwa kanga zao. Mimi niligeuka nikatazama mto. Nilisikia Sista akiamuru, nikasikia Mashavu akimwita mama yake, halafu nikasikia kilio kidogo chenye hasira. Nililia, na kipaza sauti kilikuwa wazi, kwa hiyo walinisikia Huku na Kule. Mashavu alipelekwa kituoni akachomwa sindano, na baada ya siku kadhaa miguu yake ikarudi kuwa miguu.

Waziri aliwasili pilau ikiwa imekwisha, matope mpaka magotini. Tulimpongeza kwa kukata utepe. Alitutazama mmoja mmoja, akaona hakuna anayecheka, akasema kwamba ilikuwa heshima kubwa kwake, na kwamba wakati wa kukata alihisi mkono wa historia. Mpaka leo husimulia jinsi mkasi ulivyokuwa mzito.

*

Mtoto alikuwa wa kike. Mama yake alimwita Masika. Karani wa vizazi alisita kidogo kuliandika, kwa kuwa siku aliyozaliwa mvua haikuwepo.

Shida ilikuja mwisho wa mwaka. Huku tuliripoti watoto waliozaliwa kwetu, na Masika alikuwemo, kwani kichwa cha kitanda kilikuwa upande wetu. Kule nao wakaripoti wao, na Masika alikuwemo, kwani miguu ya kitanda ilikuwa upande wao. Makao makuu wakajumlisha Huku na Kule, wakapata mtoto mmoja zaidi ya watoto waliopo. Safari hii kosa lilionekana, kwa sababu mjini walikuwa wamepanga chanjo na sindano moja ikabaki. Kikao kikaitishwa. Na kwa mara ya kwanza katika historia ya nchi yetu, Baraza la Mawaziri likaruhusu kutoa.

Profesa Pazi Mlamali akatumwa aje aifanye kazi hiyo. Alikuja amevaa suti, kwa maana alikuwa ameisubiri siku hii tangu ujana wake. Tulikusanyika darajani, watu wakipita huku na kule na mizigo yao. Bi Chausiku alikuja na mjukuu mgongoni. Alisimama mbele ya Profesa, akamfungua mtoto, akampakata kifuani kwa mikono yote miwili.

"Nimesikia umekuja kumtoa," alisema.

"Mara moja tu, mama. Bado atabaki mara moja. Ndiyo kanuni, na ni sahihi. Nimeipigania maisha yangu yote."

"Utamtoa Huku, au utamtoa Kule?"

Profesa alimtazama mtoto. Masika alikuwa amenenepa, amelala, mdomo wazi, hana habari na wizara yoyote. Watu wa Huku tulisogea kidogo. Watu wa Kule nao wakasogea.

Profesa alikunja karatasi yake, akaitia mfukoni mwa suti. Kisha akachukua kipaza sauti mkononi mwangu, akatangaza kwamba kuanzia leo Idara itatoa kila kilichohesabiwa mara mbili: barabara, visima, madarasa, na ahadi zote za mwaka jana.

"Huyu mwacheni," alisema. "Huyu ahesabiwe kote."